Swali la Mtu Usiyemjua

Mtu anayeandika neno Kilimanjaro kwenye kisanduku cha kutafutia anaweza kuwa anataka mambo mengi. Mwanafunzi anataka urefu wa mlima, mita 5,895, amalize kazi aliyopewa shuleni. Msafiri aliyeko Doha anataka ndege ya kushuka uwanja wa KIA. Mwingine anatafuta bia, mwingine maji ya chupa, mwingine matokeo ya timu ya Tanzania Bara, mwingine ajira mkoani. Na katikati ya umati huo anaweza kuwamo mama wa Hamburg mwenye miaka 61, aliyeandika sentensi nzima: je, mtu wa umri wangu anayetumia dawa za presha anaweza kupanda mlima huu? Kampuni ya utalii ya Moshi inayolipia tangazo kwa neno hilo peke yake inawalipia wote hao, kila anayebofya, na bajeti ya siku inaweza kwisha kabla yule mama hajaamka.

Ufundi ninaotaka kuusifu, ule wa matangazo ya utafutaji na upimaji wake, unaanzia hapo. Anayeujua vizuri haanzi na grafu za rangi. Anafungua ripoti ya maneno kama watu walivyoyaandika wenyewe, pamoja na haraka yao na makosa yao ya tahajia, kisha anaisoma mstari kwa mstari. Kwa kila mstari anajiuliza: huyu alikuwa anataka nini? Bia inaingia kwenye orodha ya maneno ya kukataa. Uwanja wa ndege vivyo hivyo. Kwenye urefu wa mlima anasita, kwa sababu anayeuliza urefu tu huenda ni mtoto wa shule, lakini anayeuliza urefu pamoja na baridi ya kileleni mwezi Septemba huenda tayari ameomba likizo. Ni kazi ya kukaa kitako, haina mbwembwe, na mwenye kampuni akipita nyuma ya kiti chako haoni chochote cha kumvutia. Naiheshimu kuliko kazi nyingi zinazopigiwa makofi. Watu huiuliza mashine mambo wasiyothubutu kumuuliza jirani, na mtu anayekaa kuyasoma kwa makini, ili amjibu asiyemjua, anafanya jambo la utu hata kama mshahara wake unatoka idara ya masoko.

Na jibu lenyewe mara nyingi si tangazo. Mama wa Hamburg hahitaji picha nyingine ya theluji wala maneno ya safari ya maisha. Anahitaji ukurasa unaomwambia aanze kwa daktari wake, unaoeleza kwamba siku 8 za njia ya Lemosho zinaupa mwili nafasi kubwa zaidi ya kuzoea hewa nyembamba kuliko siku 5 za Marangu, unaotaja ni mara ngapi kwa siku waongozaji watampima oksijeni na watafanya nini kipimo kikishuka. Ukurasa huo hauandikiki mpaka mtu amelisikia swali. Nimesoma tovuti nyingi za makampuni yetu ya utalii, na nyingi zinaeleza sifa za kampuni kwa aya tano kabla ya kumjibu mgeni jambo lolote.

Zamani kusikia huku kulikuwa kugumu zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya wavuti, mwenye tovuti alikuwa na kumbukumbu za seva tu: anwani ya kompyuta, saa, faili iliyoombwa, na maelfu ya mistari ya namna hiyo. Mwaka 1995 Stephen Turner wa Cambridge alitoa Analog, programu ya bure iliyoigeuza mistari ile kuwa hesabu inayosomeka. Baadaye ikaja Urchin, ya kampuni ya San Diego. Google iliinunua mwaka 2005, na Novemba mwaka huohuo ikaanza kuitoa bure kwa jina la Google Analytics. Watu wakajiandikisha kwa wingi kiasi kwamba ilibidi usajili usimamishwe kabla ya wiki kuisha. Jina la Urchin lingalipo: zile herufi utm zinazobandikwa kwenye viungo vya matangazo, zinazomwambia mpimaji kama mgeni ametoka kwenye barua pepe au kwenye bango, herufi ya kwanza ni yake.

Kwa miaka mingi mwenye tovuti aliweza pia kuona maneno yaliyomleta kila mgeni kutoka kwenye injini ya utafutaji. Oktoba 2011 Google ilianza kuyafunga kwa njia ya usimbaji, na kufikia 2013 karibu yote yalikuwa yamefungwa. Siku hizi hata ripoti za matangazo yanayolipiwa huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache. Wataalamu wengi walinung'unika, na sababu walikuwa nazo, maana anayelipia mbofyo ana haki ya kujua amenunua nini. Hata hivyo nakubaliana na ule ufichaji wenyewe. Sentensi yenye umri na dawa za mtu ni mali ya aliyeiandika. Fundi mzuri hahitaji kuiona ilivyo. Anaziona ndugu zake, zile zilizoulizwa na watu wengi vya kutosha kuonyeshwa bila kumtaja yeyote, na kutoka hapo anaotea kwamba wako wazee wenye hofu ya presha wanaoutamani mlima.

Sehemu ya mnada, unaoamua tangazo la nani likae juu, ndiyo inayonivutia mno, kwa sababu ndani yake mna haki ambayo hukuitarajia katika biashara ya matangazo. Asubuhi pale Feri, Dar es Salaam, mwenye fedha nyingi ndiye anayeondoka na samaki, na hakuna anayeuliza atampika vipi. Matangazo ya utafutaji nayo yalianza karibu hivyo. GoTo.com ya Bill Gross, mwaka 1998, iliuza nafasi kwa kila mbofyo, na anayetaja bei kubwa ndiye anayekaa juu. Google ilipoanza AdWords Oktoba 2000, ikiwa na watangazaji 350, haikutoza hata kwa mbofyo. Ilitoza kwa idadi ya mara tangazo linapoonyeshwa. Mwaka 2002 ndipo ilipobadili kanuni: bei uliyotaja inazidishwa kwa uwezekano wa tangazo lako kubofywa, na ukishinda unalipa kile tu kinachotosha kumzidi aliye chini yako.

Tuseme kampuni kubwa imetaja shilingi 1,000, lakini kati ya watu 100 wanaoliona tangazo lake anabofya 1. Kampuni ndogo imetaja 500, na wanabofya 4. Ya kwanza ina alama 1,000, ya pili ina 2,000. Ndogo inakaa juu, na kwa kuwa 250 mara 4 ni 1,000, inalipa 250 na kidogo juu yake, robo tu ya bei iliyotajwa na kampuni kubwa. Tangu wakati huo vigezo vimeongezeka, ukurasa unaofunguka nao hupimwa, lakini msingi ni uleule. Aliyelisikia swali akalijibu vizuri anaweza kumshinda tajiri asiyesikiliza. Sisemi Google ilifanya hivi kwa hisani. Matangazo yanayobofywa yanaiingizia fedha zaidi. Lakini nimeona biashara ndogo zikiishi ndani ya kanuni hii, na wenye nazo wengi hawajui kwamba ipo.

Upande wa pili wa ufundi ni kupima, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Hesabu ya kawaida ni rahisi: watu kadhaa walibofya, kadhaa wakanunua, gawanya mapato kwa gharama, peleka ripoti. Kasoro yake ni kwamba inampa tangazo sifa ya kila mtu aliyepita mbele yake. Mwaka 2012 wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walikuwa ndani ya eBay, na eBay ilikuwa inalipia tangazo hata kwa anayeandika jina lake yenyewe. Ripoti zilionyesha faida nzuri. Wao wakauliza swali ambalo idara ya matangazo popote duniani hulikwepa: hawa wangekuja hata bila sisi?

Wakayazima matangazo ya jina kwenye Yahoo na MSN nchini Marekani, huku yale ya Google yakiendelea, wapate cha kulinganishia. Asilimia 99.5 ya wageni waliokuwa wakipitia kwenye tangazo wakaja kupitia kiungo cha bure kilichokuwa chini yake. Walikuwa wanaijua njia. eBay ilikuwa inawalipia nauli watu waliokwisha fika mlangoni. Kisha wakaligusa jambo kubwa zaidi, matangazo ya maneno ya kawaida ya bidhaa, wakiyazima katika baadhi ya maeneo na kuyaacha mengine. Mauzo yalishuka kidogo mno, kiasi kwamba huwezi kuitenga tofauti hiyo na bahati. Ila walipowatenga wanunuzi kwa mazoea yao, waliona kwamba wageni wapya, na wale wanaonunua kwa nadra, kweli walisukumwa na tangazo. Wateja wa kila siku hawakusukumwa hata kidogo, na wao ndio waliokula sehemu kubwa ya fedha. Utafiti ulichapishwa katika jarida la Econometrica mwaka 2015.

Nimeusoma zaidi ya mara moja, na kila mara kinachonigusa ni ule ujasiri wa kuzima. Anayezima tangazo anaweza kugundua kwamba kazi ya idara nzima ilikuwa haina tija, na kesho yake atakaa nao meza moja chakula cha mchana. Wapo walioubeba utafiti huu kusema kwamba matangazo ya utafutaji ni upotevu. Hawakuusoma vizuri. eBay inajulikana na kila Mmarekani; kampuni ya Moshi haijulikani na mtu yeyote Hamburg, nayo iko upande wa wale wanaohitaji kutambulishwa. Swali ndilo la kuazima, jibu kila mmoja alitafute kwake.

Kuna jambo silisifu. Lou Montulli wa Netscape alibuni vidakuzi mwaka 1994 ili duka la mtandaoni liweze kukumbuka kapu la mteja. Makampuni ya matangazo yakavigeuza kuwa njia ya kumfuata mtu kutoka tovuti hadi tovuti. Yule mama aliyeuliza kuhusu presha hakuomba kufuatwa wiki tatu na picha za viatu vya kupandia mlima, wala watu wasiojulikana wajue anatumia dawa gani. Tangazo la utafutaji lina heshima kwa sababu linasubiri kuulizwa. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na mpimaji anayezichukulia kuwa kero hajaelewa kwamba anaishi kwa kuaminiwa na watu wanaouliza.

Kwetu kupima kuna ugumu wake. Mteja wa Nairobi au Mwanza huliona tangazo, akafungua tovuti, akachukua namba, akaondoka. Mazungumzo yanaendelea WhatsApp, bei inajadiliwa, fedha zinaingia kwa M-Pesa siku nne baadaye. Kwenye ripoti huyo ni mgeni aliyekaa sekunde 40 na hakununua kitu. Mpimaji anayekaa ofisini na kioo chake atalizima tangazo lililoleta mauzo. Aliye fundi atakwenda kwa dada anayepokea simu, kwa sababu yeye ndiye anayejua, na atamwomba amuulize kila mpigaji amewapataje, aandike jibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Baada ya mwezi mwenye kampuni atataka kujua kama tangazo linalipa. Kama waliopanda mlima ni watano, fundi mkweli atamwambia kwamba watano hawatoshi kusema lolote, waendelee kuandika mpaka Oktoba, wageni wa msimu wakishapungua, ndipo wakae na yule dada wahesabu.