Ubao wa Zuhura haukupaswa kufutwa

Dakika ya 15 ya somo la insha ya Kiingereza, mwalimu alichukua dasta, akafuta ubao wote, akabandika bango. Hapo ndipo somo lilipoharibika, na sioni sababu ya kuzunguka kabla ya kulisema. Walimu wenzangu wa Kiingereza waliolitazama wamesifu utulivu wa darasa na daftari zilizojaa. Kujaa zilijaa, lakini zilijaa insha ileile moja, kuanzia dawati la mbele hadi la nyuma.

Maandalizi yalikuwa mazuri: mada ya sayari ya Zuhura badala ya Mirihi tuliyoizoea, karatasi fupi ya taarifa, vikundi vya watano watano.

Tuutazame ubao kabla ya dasta. Hawa ni kidato cha kwanza, watoto ambao juzijuzi tu walikuwa wakisoma karibu kila somo kwa Kiswahili, nao waliambiwa waandike maisha ya kila siku huko Zuhura. Karatasi ilieleza kwamba ardhini joto hufika nyuzi 465 za Selsiasi, kwamba jua huchomoza magharibi, na kwamba kutoka macheo hadi macheo ni siku 117 za kwetu. Mvulana wa dawati la nyuma akauliza: katika siku ndefu namna hiyo, mtu atalala mara ngapi? Kundi la dirishani likakataa kabisa kukaa chini. Likataka mji unaoelea kwa maputo, kilomita 50 juu, ambako joto na mgandamizo wa hewa hukaribia vya kwetu. Msichana mmoja akaongeza kuwa upepo wa huko juu huizunguka sayari kwa siku nne hivi, kwa hiyo mji wao ungebebwa nao na kuliona jua mara nyingi kuliko watu wa chini. Walisema nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza cha kuokoteza, na mwalimu akayaandika yote ubaoni. Darasa lenye ubao kama ule wengine tunalitafuta miaka.

Kisha likaja bango. “I wake up at …” “I eat …” “I go to school by …” Sentensi kumi, kila moja na nafasi ya kujaza, na kila nafasi ikidai nomino au saa. Kwenye sayari ambayo macheo hufuatana kwa siku 117, darasa zima likaamka “at six o'clock”. Saa ya duniani ilipandishwa Zuhura kwa agizo la mwalimu, na hakuna mtoto aliyethubutu kuikataa, kwa sababu nafasi ilikuwa inaingia saa tu.

Pima hasara kwa upande wa lugha peke yake. Swali la usingizi lilidai “how many times” na “because”. Mji wa maputo ulidai ulinganishi, “hotter than”, na ulidai “so we have to”. Hakuna hata kimoja kinachoenea kwenye nafasi ya nomino. Kuandika ni kuchagua kitenzi, kuamua sentensi ipi itangulie, kuunga sababu na matokeo yake, na kazi hiyo bango lilikuwa limeshaimaliza. Mwanafunzi aliachiwa kutafuta jina la chakula.

Utetezi naujua: msamiati hawana, darasa limefurika, bila kiunzi watakwama. Kiunzi sikikatai. Kenneth Koch, alipowafundisha watoto wa P.S. 61 huko New York kuandika mashairi, alitoa kiunzi kigumu kuliko bango hili: kila mstari uanze kwa “I wish”. Baada ya hapo sentensi ilikuwa ya mtoto mwenyewe hadi nukta, na hata maneno ya Kihispania yaliruhusiwa kuingia. Kitabu chake cha mwaka 1970 kinaonyesha walichokipata. Sylvia Ashton-Warner, akiwa na watoto wa Kimaori New Zealand, alimuuliza mtoto kwanza neno analolitaka, ndipo akamwandikia kwenye kadi. Wote wawili walimsikiliza mtoto kabla ya kumsaidia. Tena sisi tunaye Shaaban Robert, aliyeiweka nchi ya Kusadikika hewani tangu 1951. Kundi la dirishani lilikuwa limeingia njia hiyohiyo, likarudishwa chini.

Nimeshalalamika katika safu hii kuhusu barua za kukariri kwa ajili ya mtihani, na kuhusu kibao cha kuvishwa shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili. Yote ni hofu ileile ya sentensi yenye makosa, na ndiyo iliyolibandika bango hili. Mvulana wa dawati la nyuma aliandika chini ya nafasi zake: “I sleep many time in one day because the sun is not go.” Mwalimu akapita, akaikata kwa kalamu nyekundu, akamwonyesha bango. Sentensi ile ina makosa mawili, na ndiyo pekee katika daftari zote iliyoandikwa na mtu aliyeishi Zuhura japo kwa dakika moja.

Vipindi viwili vya dakika 40 vilitosha kabisa. Ubao ungebaki ulivyo. Kila kundi lingechagua jambo moja pale, likapanga kwa Kiswahili likitaka, likaomba maneno linayoyahitaji, kisha kila mmoja akaandika kwa dakika 20. Sentensi ya yule mvulana ingepandishwa ubaoni, darasa zima likaitengeneza bila kuinyang'anya maana yake. Bango lingetolewa mwishoni, kwa aliyekwama kweli.

Andalio la somo lile sasa linanakiliwa na kupelekwa shule nyingine kama kielelezo. Karatasi ya taarifa ichukuliwe ilivyo, na vikundi vibaki. Ukurasa wa bango utolewe.