Kuijua Saa ya Chachu

Baba mkubwa wangu aliisikiliza pombe kabla ya kuionja. Alikuwa akifunua majani ya mgomba, akiinamisha kichwa juu ya umuvure, lile gogo lililochongwa kama mtumbwi, na kutega sikio. Akisema bado, ni bado.

Kwenye vilima vya Rusizi, Rwanda, kazi ya kuanza urwagwa, yaani pombe ya ndizi, inajulikana na wengi. Ndizi huvundikwa shimoni siku tatu au nne kwa majani na joto la moto hafifu, humenywa, hukandwa kwa nyasi mpaka zitoe maji, na maji hayo yakishachujwa hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtama huo ndio umusemburo, wenye kuiamsha chachu. Ufundi wenyewe uko mwishoni. Pombe ikicheleweshwa hewani, bakteria huigeuza siki, na jasho la juma zima humwagwa chini ya migomba.

Nilimkumbuka baba mkubwa niliposoma kazi ya mwanakemia Richard Gross wa New York na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2010. Wao walichagua chachu nyingine, Candida tropicalis, inayoweza kula mafuta. Wakaipa kiini cha mafuta kiitwacho asidi ya miristiki, kilichounganishwa kikemia na methanoli. Asidi hiyo imejaa katika nazi na katika mise, zile kokwa za michikichi ambazo watu wa Kigoma hukamua mafuta ya sabuni.

Chachu hii ikiachiwa hiari yake huukata mnyororo wa mafuta kaboni mbilimbili, kama mtu anayekata muwa pingili kwa pingili, mpaka usibaki kitu. Mlango huo wa ulaji ulifungwa mapema: mwaka 1992 Stephen Picataggio na wenzake walionyesha kwamba ukizima jeni za hatua ya kwanza ya ukataji huo, chachu huushika mnyororo kwa ncha ya pili, huutia oksijeni, na kutoa asidi yenye vichwa viwili. Asidi za namna hiyo hutumika kutengenezea nailoni, gundi na manukato.

Gross alitaka kusimama hatua moja nyuma. Oksijeni inapoingia kwenye ncha ile, kwanza huzaliwa alkoholi, na chachu haikawii kuigeuza asidi. Hapa ndipo niliposisimka, kwa kuwa ni hatua ya aina ileile inayoifanya urwagwa kuwa siki! Kundi lake lilivitafuta vimeng'enya vyenye kuifanya kazi hiyo kimoja baada ya kingine, likaondoa jeni 16, kisha likarudisha moja tu yenye kuanza kazi bila kuimaliza. Chachu ikalishwa sukari ili iishi, kwani mafuta yaliyoizunguka haikuweza tena kuyala. Kwenye kila lita, gramu 200 za mafuta zilitoa gramu 174 za kile walichokitaka. Kwangu huo ni uungwana wa kazi: kumjua kiumbe mdogo kiasi cha kumwomba aishie katikati ya mlo wake, naye akakubali.

Vipande hivyo, vyenye alkoholi ncha moja na asidi ncha nyingine, hushikana mkono kwa mkono vikawa plastiki inayofanana na ile ya mifuko. Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja. Lakini maji ya ziwa Kivu hayajui mpaka. Taka za plastiki huteremka mpaka bwawa la Ruzizi I na kuziba njia za maji, na mji wa Bukavu, upande wa Kongo, hukosa umeme. Sisemi chachu itaufuta uchafu huo. Wala sitaki msitu ukatwe kwa ajili ya michikichi ya viwandani, wala mawese ya kupikia sombe yapande bei. Ninachokipenda ni mkono uliojifunza kungoja na kuzuia.

Siku ya kuchuja, baba mkubwa hakuruhusu sabuni iguse umuvure. Aliusuuza kwa maji matupu, akaufudikiza kivulini, na chachu ya safari ijayo ikabaki imelala ndani ya nyufa za mti.