Silani: kinga ya zege isiyoziba vitundu

Daraja la zege huharibika kuanzia ndani. Zege bora lina ualkali mkali, pH yake hukaribia 13, na katika hali hiyo nondo hujivika utando mwembamba unaozuia kutu. Chumvi ikizifikia nondo huuvunja utando huo. Kutu nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo husukuma zege mpaka lipasuke na kubanduka.

Uingereza humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na madaraja yake yameumia. Mwongozo wake wa BD 43, uliotolewa mwaka 1990, ulihusu kupiga silani, dawa ya kukinga zege, kwenye madaraja.

Molekuli ya silani ni ndogo, hivyo hupenya vitundu ambavyo rangi haiwezi kuvifikia. Humo hukutana na unyevu na ualkali, huachia alkoholi, kisha hujifunga kikemikali kwenye kuta za kitundu. Sehemu yake inayokataa maji hubaki imeelekea ndani ya uwazi. Kitundu hakizibwi: mvuke hutoka kama kawaida, lakini maji yenye chumvi hayanyonywi tena. Kwangu, huu ndio ubora wake mkubwa, maana rangi nzito ikifungia unyevu hutunga malengelenge na kubanduka.

Kazi yenyewe huamuliwa na ukavu. Kitundu kilichojaa maji hakina nafasi ya silani, na hapo ndipo wakandarasi wenye haraka huharibu kila kitu. Zege hupewa muda likomae, kwa kawaida siku 28, kisha uso husafishwa na kuachwa ukauke. Waingereza walitaka mililita 300 kwa kila mita ya mraba, mara mbili, kwa kupisha angalau saa 6 katikati. Pampu huwa ya mgandamizo mdogo ili dawa itiririke ukutani badala ya kupeperuka kama ukungu. Kwenye jua kali na upepo, silani nyepesi hugeuka mvuke kabla haijazama. Kwa Pwani yetu, silani ya krimu inafaa zaidi, kwa kuwa hung'ang'ania ukutani ikinyonywa polepole.

Silani haizuii maji yanayosukuma kwa mgandamizo, kwa hiyo haifai tangi wala chumba cha chini ya ardhi. Haiunganishi nyufa. Na chumvi ikishafika kwenye nondo, dawa hii imechelewa.

Kipimo cha kazi hakidanganyi. Toa kipande cha zege kwa kutoboa, kipasue, kinyunyizie maji: sehemu iliyoshika silani hubaki kavu na nyeupe, iliyobaki huwa nyeusi. Kiwango cha Ulaya cha EN 1504-2 huweka katika kundi la juu kina cha milimita 10 au zaidi. Mwenye jengo karibu na bahari, usimlipe mkandarasi malipo ya mwisho kabla kina hicho hakijapimwa kwa rula mbele yako.