Picha Inayongoja Mwimbaji: Juu ya Makumbusho ya Asutosh, Uhindi

Kwetu, ukisema sanaa ya Uhindi, watu wanawaza mara moja Taj Mahal na filme za kucheza na kuimba. Ndiyo maana Makumbusho ya Asutosh inatupendeza. Iko ndani ya Chuo Kikuu cha Calcutta, mjini Kolkata, kwenye College Street, fasi ya wauza vitabu. Ilifunguliwa mwaka 1937, na ni ya kwanza ya watu wote kuwekwa ndani ya chuo kikuu cha Uhindi. Haikutafuta kuonyesha Uhindi nzima. Ilishika zaidi jimbo moja, Bengal. Wengine watasema huo ni udogo. Sisi tunasema ndiyo nguvu yake.

Kwanza, watu wake walichimba udongo wa kwao wenyewe. Kule Chandraketugarh, kuanzia miaka ya 1950, walitoa vipande vya udongo wa kuchoma vyenye sura za watu, vya miaka karibu 2000. Pili, pamoja na miungu ya mawe, kuko kantha. Kantha ni nini? Mama wa kijiji anapanga sari zilizochakaa moja juu ya nyingine, anachomoa nyuzi za rangi kwenye pindo, na kwa nyuzi zile zile anashona maua, tembo, samaki. Matambara! Lakini yamepewa heshima sawa na jiwe. Hapo tunapiga makofi.

Kuko jambo moja linatusumbua, na si la nyumba hii peke yake. Ni la kila kabati ya vioo. Kule Bengal kuko watu wanaitwa patua. Wanachora hadithi juu ya karatasi ndefu ya kuviringisha, wanapita mlango kwa mlango, wanaifungua polepole, kidole juu ya picha, huku wanaimba. Wengi wao ni Waislamu, na wanaimba pia habari za miungu ya Wahindu. Ukiitundika karatasi ile ukutani, umeweka nusu. Wimbo umebaki njiani.

Ndipo tunakumbuka lukasa ya Baluba. Ubao ule wa shanga haukufanywa kwa kutazamwa tu: mtu wa mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kuume, na habari za wafalme zikatoka kinywani. Leo wanafunzi wetu wengi wanaujua kwa picha ya kitabu, kimya. Tunalia juu ya vitu vilivyopelekwa Ulaya, na ni haki kulia. Lakini siku vikirudi, nani atavisoma?

Basi tusingoje jengo kubwa. Shule yenye chumba kimoja na daftari inaweza kuanza: kikapu, ngoma, mkeka, na pembeni jina la aliyetengeneza, lugha yake na maneno yake. Tena tumwite mzee aje kusema mbele ya watoto, wakati angali yupo. Bila neno lake, ngoma ni kuni tu.