Kalamu na Jina Lililo Juu Yake

Alinizuru mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mke na watoto. Alikuja na sanduku la mbao, akalifungua mbele yangu, na ndani yake mlikuwa na kalamu za wino 43 zimelazwa juu ya bafta. "Zote hizi, Maalim," akasema kwa furaha, "ni za bei rahisi, zimeigwa kutokana na kalamu mashuhuri za ulimwengu." Akanitaka nizitazame na nitoe rai yangu. Nimezitazama, tena kwa muda mrefu, kwani mimi tangu utoto ni mtu wa kalamu.

Kwanza yapasa msomaji ajue asili ya jambo. Mwaka 1941 kampuni ya Parker ya Marekani ilitoa kalamu iitwayo Parker 51. Walikuwa wamevumbua wino ukaukao upesi juu ya karatasi, lakini wino huo ulikuwa ukikauka upesi kwenye nibu pia, na ukali wake uliharibu vitu vilivyotumika kutengenezea kalamu za zamani. Basi nibu wakaifunika, ikawa yatokeza ncha tu, na mwili wakaufanya kwa plastiki isiyoliwa na wino ule. Umbo lile, basi, halikuwa pambo. Lilikuwa na sababu. Kiwanda cha Shanghai kikaliiga, ikatoka Hero. Wazee wenzangu watakumbuka miaka ya 1970, wakati wa kujengwa reli ya TAZARA, bidhaa za Kichina zilivyoingia nchini. Mwalimu wangu alikuwa na kalamu ya Kichina ya namna hiyo, na sikumwona hata siku moja kuionea haya.

Wako wasemao kwa haraka kwamba kuiga ni wizi. Mimi siafikiani nao. Sisi tulijifunza kuandika kwa kuiga: Maalim huandika juu ya ubao kwa kalamu ya mwanzi, nasi twafuatiza juu ya khati yake mpaka mkono uzoee. Na mabingwa wa khati wa Istanbul walikuwa wakiwafundisha wanafunzi wao kwa kuigiza kazi za mabingwa waliotangulia, herufi kwa herufi, na mwanafunzi hakuruhusiwa kutia jina lake chini ya khati mpaka apewe ijaza. Kuiga kulikuwa ndiyo njia ya elimu. Lililokuwa khiyana ni kuiga kisha kutia jina la ustadhi ili watu wadhani ni kazi yake. Hero imeandikwa Hero.

Kwa mizani hiyo nilizipima kalamu za mwanafunzi wangu. Iko moja iitwayo Wing Sung 601, nayo naisifu. Haikuishia kwenye umbo la Parker 51, bali imechukua na namna ya kufyonza wino kwa kubonyeza kitufe cha nyuma, kama zilivyokuwa zile za kwanza. Na la kuchekesha ni kwamba Parker wenyewe walipoirudisha 51 yao, karibu na mwaka 2021, waliirudisha bila ya ufundi ule! Mwigaji akawa mwaminifu kwa mambo ya kale kuliko mwenye mali.

Kinyume chake ni Jinhao 159, iliyofuata umbo la Montblanc 149. Ile ya asili, iliyotoka mwaka 1952, ni nene kwa sababu mwili wake wenyewe ndio bomba la wino. Hii ya kuigwa ni nene vilevile, lakini ndani yake mna kibomba kidogo tu, kama cha kalamu nyembamba. Ni mwili wa tembo na tumbo la sungura. Hata hivyo jina lake imelitaja, na yauzwa kwa dola chache, na hiyo ya asili ni ya bei kubwa mno. Mwanafunzi wa chuo apate wapi? Mwacheni aandike na yake. (Na hata Hero 616 nayo imepata waghushi wake, watiao jina la Hero juu ya kalamu isiyo Hero. Mwigaji naye hasalimiki.)

Nikamwuliza, "Ngapi katika hizi zina wino?" Akasema mbili. Hapo sikumsifu. Kalamu 41 zisizoandika ni vijiti.

Lakini katika pembe ya sanduku niliona moja nyeusi yenye nyota nyeupe juu ya kifuniko, na nibuni imechongwa 4810. Nyota ile ni alama ya Montblanc, mfano wa theluji ya kileleni, na 4810 yakaribia urefu wa mlima huo kwa mita. Nikamwuliza kama ni ya asili. Akainamisha kichwa. Alinunua mbili kwa bei ya kitoweo, na ya pili alimpa baba mkwe wake siku ya posa. Mzee yule huiweka mfukoni mwa kanzu kila Ijumaa na kuwaonyesha watu barazani.

"Sikumwambia kuwa ni ya asili, Maalim. Nilinyamaza tu."

Nikamkumbusha khabari ya muuza nafaka sokoni Madina. Yeye naye hakusema kitu. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika lundo, akakuta chini mna maji na juu pakavu, akamwuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Nikamwambia aende kwa mkwewe akamweleze.

"Nitamvunjia heshima, Maalim."

"Heshima yake yavunjika sasa, mwanangu, kila Ijumaa, mbele ya wale wanaozijua kalamu na wanaomnyamazia kama ulivyomnyamazia wewe."

Hakujibu. Alilifunga sanduku, akaniachia Hero moja, nami nimeitia wino na kuandikia makala haya. Yaandika vizuri. Yeye hajarudi bado kunipa khabari.