Uso wa Mtoto, Jina la Mzee: Rangi na Umbo katika "Senecio" ya Paul Klee

Katika "Senecio", picha ambayo mchoraji Paul Klee aliichora mwaka 1922 alipokuwa akifundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, mtazamaji hukutana kwanza na kichwa cha mtoto, ilhali jina la pili la picha kwa Kijerumani, Baldgreis, humtaja mtu aliyekaribia uzee. Utoto huo hauletwi na kisa chochote bali na vipimo, kwa kuwa duara moja kubwa lisilo na nywele limekalishwa juu ya shingo nyembamba ambayo, kwa uhalisia, isingeweza kulibeba.

Sanaa dhahania, yaani ile inayoacha kuiga vitu vilivyo ili rangi na maumbo yaseme yenyewe, hapa haijafikishwa kwenye ukomo wake, maana uso bado unatambulika. Klee ameligawa duara kwa miraba na mistatili ya chungwa, njano, nyekundu, waridi na nyeupe, na kwa vile nyuma ya kichwa nako ni chungwa, mpaka kati ya ngozi na hewa hulegea, na uso huwa kama unafuka joto kutoka ndani. Kugawa eneo kwa vipande vya rangi namna hii kulimkolea katika safari yake ya Tunisia, Aprili 1914, hasa mjini Kairouan. Rangi yenyewe ni ya mafuta, iliyopakwa juu ya shashi yenye tabaka la chaki, na chaki hufyonza mafuta, hata rangi ikatulia kama ya ukuta wa chokaa.

Uzee huingia kwa mstari. Juu ya jicho moja nyusi ni pembetatu, juu ya la pili ni tao jepesi, hivyo upande mmoja huonekana umeinuliwa kwa shaka. Wapo wanaouita uso huu kinyago, na ubapa wake unawapa sababu, ila kinyago hakishuku. Wala usahili wa mistari hii, unaofanana na wa mchoro wa mtoto, si upungufu wa ufundi bali ni chaguo: Klee, alipoanza kuorodhesha kazi zake mwaka 1911, aliingiza katika orodha hiyo baadhi ya michoro ya utotoni mwake. Mdomo ameubana kuwa vipande viwili vidogo vyekundu visivyolingana. Udogo wake ni wa mtoto, lakini mtoto hafumbi mdomo hivyo.