Mateka Katika Bao: Uhakiki wa Mchezo wa Jadi na Jirani Zake

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Bao hutajwa kwa pembeni tu, kama pambo la mandhari: wazee wamekaa barazani, kahawa imemiminwa, na kete zinalia. Ni nadra mhakiki kuuliza wazee hao wanacheza nini hasa, na mchezo wenyewe unasema nini juu ya watu waliouunda. Katika makala haya tunakusudia kulitazama bao kama tunavyoitazama kazi yoyote ya sanaa, yaani kwa fani yake na maudhui yake. Tutalilinganisha na nsolo ya hapa Zambia, na mwishoni na mchezo mmoja wa vita kutoka Japani.

Sababu ya kuandika tuliipata hapa Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Tunafundisha Kiswahili katika darasa la jioni la watu wazima. Wanafunzi wetu ni wasemaji wa Kibemba, na wengi wao wanakihitaji Kiswahili kwa ajili ya biashara na wenzao wa ng'ambo, wa Kilwa na Pweto katika Kongo. Jioni moja tulileta ubao wa bao ili tufundishe vitenzi: kula, kutakata, kulala, kusafiri. Mwanafunzi mmoja, muuza chisense wa soko la Kashikishi, alitazama kwa muda, kisha akasema: "Samahani, Mwalimu. Kete uliyoila mbona hujaitoa? Kwetu katika nsolo, ikiliwa imekwenda." Tulimjibu kwa haraka, pengine kwa majivuno kidogo, kwamba katika bao kete haitoki; hupandwa upande wa aliyeila. Naye akauliza: "Basi hao walioliwa wanakuwa watumwa wa nani?"

Darasa lilicheka. Sisi hatukuwa na jibu. Tumeona kwamba swali hilo lina uhakiki ndani yake kuliko maelezo yetu yote ya jioni ile, na hapa tunajaribu kulijibu.

Fani ya bao

Kwa faida ya wanaojifunza, tueleze kwanza umbo la mchezo. Bao la Kiswahili huchezwa katika ubao wenye mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, na kete zote ni 64, aghalabu mbegu za komwe. Mwanzoni kila mmoja huweka kete sita katika shimo maalumu liitwalo nyumba, kisha kete mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Zilizobaki, kete 22, hukaa mkononi.

Mchezo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kunamua: kila zamu mchezaji hutoa kete moja mkononi na kuiweka katika safu yake ya mbele, katika shimo ambalo tayari lina kete. Shimo la mpinzani linaloelekeana nalo likiwa na kitu, huzila kete zake zote na kuzipanda upande wake mwenyewe, akianzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete na mbele yake pana mawindo, hula tena. Pasipo mawindo huzichota zilizomo na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, hulala na zamu imekwisha. Kete za mkononi zikiisha, sehemu ya pili, ya mtaji, huanza, na hapo wachezaji hutumia zile tu zilizo ubaoni. Penye nafasi ya kula, kula ni lazima. Asiye na cha kula hutakata. Anayemaliziwa safu ya mbele, au anayekosa pa kucheza, ameshindwa.

Tukitazama umbo hili kwa makini, tunaona mambo mawili ya kifani yanayostahili kusifiwa. La kwanza ni kwamba kete zote ni sawa. Katika sataranji mfalme ni mfalme popote alipo, na askari wa miguu amezaliwa mdogo. Katika bao kete haina cheo. Cheo kimo katika shimo. Kete iliyo kichwani au katika kimbi, yaani mashimo mawili ya mwisho, huamua mwelekeo wa kupanda. Kete iliyomo katika nyumba ni sehemu ya hazina. Zamu inayofuata kete hiyohiyo imesukumwa nyuma, na nyingine imeshika nafasi yake. Waswahili husema cheo ni dhamana, na hakuna chombo kinachoufundisha msemo huo kwa vitendo kuliko ubao huu.

La pili ni nyumba yenyewe. Wakati wa kunamua, mchezaji anayekula akifika na kete ya mwisho katika nyumba yake iliyo hai, huchagua: ama alale, akiba yake ikue, ama asafiri, yaani aichote yote na kuitawanya. Akisafiri, nyumba hiyo imekwisha heshima yake. Hapa pana tamthilia kamili. Mchezaji mwoga hulala mpaka nyumba yake inanona, ikaliwa kwa pigo moja. Mchezaji mwenye pupa husafiri mapema, akabaki bila tegemeo. Ustadi umo katikati, nao hauandikiki kwa kanuni moja. Alex de Voogt, Mholanzi aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya ubingwa wa bao baada ya kukaa na mabingwa wa Zanzibar, alijishughulisha hasa na akili hiyo: namna bingwa anavyoifuata kichwani safari ndefu ya kete bila kuzigusa.

Tuongeze jambo moja. Safu ya nyuma hailiwi. Mchezaji anaweza kuwa na kete nyingi huko nyuma na bado akashindwa, kwa kuwa mbele pametupu. Mwenye ghala lililojaa na mlango usio na mlinzi hana mali.

Maudhui: aliyeliwa hafi

Sasa tufike penye swali la mwanafunzi wetu. Katika bao idadi ya kete ubaoni haipungui kwa kuliwa. Nguvu ya mpinzani inakuwa nguvu yangu, na zamu ijayo huenda ikarudi kwake. Tumezoea kulisifu jambo hili darasani. Tunasema bao haliui, na kwamba linafundisha kugeuza uadui kuwa mali ya pamoja. Sifa hizo si za uongo, lakini hazijakamilika, na hapa Mweru hatuna haki ya kuzitoa bila kufikiri.

Kiswahili hakikufika katika nchi hii kwa vitabu. Kilifika kwa misafara ya pembe na watumwa. Livingstone alipoliona ziwa hili mwezi wa Novemba 1867, kisha akaenda kwa Mwata Kazembe, alimkuta huko Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa miaka mingi. Magharibi ya Luapula, Msiri alijenga dola lake Bunkeya kwa biashara hiyohiyo, na Tippu Tip alipita katika nchi za kaskazini ya hapa. Katika misafara ile mateka hakuuawa. Alipandwa upande wa mshindi, akabeba mzigo wake, pengine akashika bunduki yake dhidi ya ndugu zake. Mtu wa pwani huenda akaiona kanuni ya bao kuwa huruma. Mjukuu wa kijiji kilichokimbiwa anaweza kuona kitu kingine. Hatudai kwamba bao lilibuniwa kuwasifia wafanyabiashara wa watumwa. Tunachodai ni kwamba maana ya kanuni haimo katika kanuni peke yake. Imo pia katika kumbukumbu ya anayecheza.

Ndiyo maana nsolo isidharauliwe. Nsolo nayo ni ya safu nne, aghalabu mashimo yamechimbwa ardhini na kete ni mawe au mbegu. Katika miezi ya Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa ili samaki wazae, utawaona wanaume wameinama juu yake chini ya miti. Smith na Dale walikwisha kuueleza ndugu yake, chisolo ya Waila, katika kitabu chao cha mwaka 1920. Huko anayekula hula shimo la mbele pamoja na la nyuma yake, na kilicholiwa huondolewa mchezoni. Ubao unazidi kuwa mtupu, hesabu inazidi kuwa wazi, na kosa la mapema halisahihishwi. Fani yake ni kavu kuliko ya bao, lakini ina unyofu wake: aliyepotea amepotea, wala hakuna anayetajirika kwa mwili wake.

Jirani wa mbali

Vijana wetu huenda wakasema kwamba haya ni ya wazee, wao wanacheza vita katika simu. Basi tuutazame mmoja wa wazazi wa michezo hiyo. Mwezi wa Aprili 1990 kampuni ya Nintendo ilitoa Japani mchezo wa kwanza wa Fire Emblem, uliotengenezwa na Intelligent Systems chini ya ubunifu wa Shouzou Kaga. Uwanja wake ni miraba kama ya sataranji, na wachezaji huenda kwa zamu. Lakini kila askari ana jina, kazi na nguvu zinazokua kwa mazoezi, na silaha yake huchakaa. Akianguka vitani, kwa kawaida harudi tena, na hadithi huendelea bila yeye. Kaga alichukua ukali wa nsolo, kana kwamba ameijua, akaupa sura ya mtu. Kete 64 za bao hazililiwi kwa kuwa hazina majina.

Tena katika mchezo huohuo maadui kadhaa waweza kuhamishwa bila upanga. Mpiganaji Caeda akimfikia adui Navarre na kusema naye, Navarre huja upande wake. Wajapani walikwisha kuizoea fikra ya mateka anayehama katika shogi, sataranji yao, ambamo kipande kilicholiwa hurudi uwanjani kwa mshindi. Maana humo kete ni vipande vya mti visivyoulizwa. Tofauti ya Fire Emblem ni kwamba anayehama ameambiwa neno, na amelikubali. Mwaka 2010 watengenezaji waliongeza namna nyepesi ya kucheza ambamo walioanguka hurudi baada ya pambano. Wachezaji wengi waliifurahia. Kwa maoni yetu mchezo ulipata wateja na kupoteza kilio chake.

Hitimisho

Udhaifu wa bao tusiufiche. Kanuni zake za pembeni ni nyingi na hurithiwa kwa mdomo, hivyo mgeni huchoka mapema. Kwa anayeanza, heri bao la kujifunza, lenye kete mbili mbili katika kila shimo. Tena baraza la bao kwa muda mrefu limekuwa la wanaume, na walimu wa kike wanayo haki ya kutuuliza kwa nini.

Wiki iliyofuata tulimjibu mwanafunzi wetu. Tulimwambia kwamba alikuwa ameuliza vizuri, na kwamba katika bao walioliwa ni wa yule anayewashika sasa, mpaka zamu igeuke. Akafikiri, akasema, "Basi ni mchezo wa kweli, Mwalimu, ila si mchezo wa haki." Kisha akaomba tuanze upya. Tangu hapo tunafundisha michezo yote miwili, wanafunzi wakieleza kila hatua kwa Kiswahili, na wao wakitufundisha nsolo kwa Kibemba. Tunawaomba walimu wenzetu wa pwani, wa visiwani na wa Kongo wafanye hivyo kwa michezo ya kwao, na wasiwasahihishe wanafunzi kabla ya kuwasikiliza.